Mkono wa Kuazima Siku ya Vipimo

Kila mwaka, siku ya vipimo, wafanyakazi wa kiwanda cha vigae walijipanga nyuma ya stoo kuazima mkono wa kushoto wa mtunza stoo. Ulikuwa mkono mzuri, wenye kovu la chanjo, na presha yake haikuwahi kuvuka mia moja na ishirini kwa themanini. Mwenyewe aliuchomoa begani, akaufuta vumbi, akamsainisha kila aliyeuchukua, kama afanyavyo kwa spana. Alidai tu urudishwe msafi.

Aliyekutwa na presha hakuongezewa mkataba. Hilo kila mtu alilijua.

Dereva wa winchi aliuazima miaka sita mfululizo. Vyeti vyake sita vilitundikwa sebuleni, na tatizo lilianzia hapo, maana alivisoma mpaka akaviamini. Kisogo kilipomgonga asubuhi, alisema ni jua. Kifua kilipombana katikati ya ngazi ya winchi, alipumzika, kikaachia, akaendelea kupanda. Mkewe, msusi asiyejua kubembeleza mtu, alipoondoa chumvi mezani, mume alimwonyesha ukuta.

“Huo mkono ni wa mwenzio,” mkewe alisema. “Moyo ni wako. Mimi sitaki kuachiwa vyeti.”

Alikwenda zahanati shingo upande, cheti kimoja mfukoni. Daktari alikisoma kwa heshima, akakirudisha, akampima mkono wake mwenyewe: mia moja na tisini kwa mia moja na kumi na tano. Baada ya kipimo cha moyo alimweleza kwamba presha hukaa miaka bila kuuma huku ikiharibu mishipa, na kwamba ile inayolisha moyo wake ilikuwa imeanza kuziba. Dawa ni kila siku, hata siku anayojiona mzima. Kifua kikibana kisiachie, asingoje kitu, akimbizwe hospitali.

Dereva aliogopa sana. Alimeza dawa bila kuruka hata siku moja, akaacha sigara, akawa anatembea jioni na mkewe, ambaye alimcheka kwa raba zake mpya. Baada ya miezi minane presha ilishuka, na ngazi akawa anaipanda bila kusimama.

Siku ya vipimo ilipofika, aliipita stoo bila kuingia foleni. Mtunza stoo alimwita, akamwambia foleni ni fupi. Alijibu kwamba leo mkono wake unatosha.

Nesi wa kiwanda alimpima, akasoma namba, akaridhika. Kisha akamuuliza kama anatumia dawa yoyote, kwa kuwa swali hilo lilikuwa kwenye fomu. Dereva alimtajia dawa zake mbili, na saa anazozimeza, kwa fahari.

Nesi aliweka kalamu chini.

“Kaka yangu, ule mkono mwingine nimeupima mara thelathini na moja tangu asubuhi. Hautumii dawa yoyote. Kwa nini hukuja nao?”

“Nilitaka nipimwe mimi.”

Nesi alimwelewa, akaandika kama fomu ilivyotaka kwa kila anayetumia dawa: mgonjwa, mkataba usiongezwe. Alimsihi asiache dawa, akamsaidia kufunga kifungo cha shati.

Aliyefuata alikuwa fundi wa tanuri, ambaye ndiye angerithi winchi. Paji la uso lilimtoka jasho na midomo ilikuwa ya kijivu. Alikaa, akavuta pumzi mara tatu kabla ya kuweza kusalimia, akautoa mkono kwapani na kuulaza mezani. Ulisoma mia moja na ishirini kwa themanini.