Vibandiko Vitano

Kila mjumbe wa kamati ya utafiti wa usafiri alipewa vibandiko vitano vyekundu, abandike kwenye mada ambazo angependa serikali izitangulize. Mhandisi mstaafu alivibandika vyote kwenye mada moja: vivuko vya waenda kwa miguu.

“Mzee wangu, umechanganya,” mwenyekiti alicheka, akibandua vinne. “Mada moja, kibandiko kimoja.”

Wala hakuwa amechanganya. Treni za umeme zikaongoza, vivuko vikashika mkia.

Jioni alisimama nje ya nyumba yake, kando ya barabara ya njia nane ambayo yeye mwenyewe aliipigia debe miaka ishirini iliyopita, bila kuuliza watu watavukaje. Ng'ambo, dada yake alikuwa anaanua nguo. Zamani mhandisi alikuwa akimwendea na kikombe chake cha chai mkononi, na chai haikuwahi kupoa njiani. Siku hizi miguu yao haiwezi tena kukimbizana na magari.

Akampungia mkono. Basi likafunga breki mbele yake.

“Panda, babu!” kondakta akahimiza.

“Sisafiri, mwanangu. Nasalimia tu.”

Kondakta akasonya, basi likaondoka. Ng'ambo, kamba ilikuwa tupu na mlango umeshafungwa.