Kwa Sababu Yoyote Ile

Birika la shaba lilikuwa limekaa kwenye ngazi ya mlango, limejaa maji hadi ukingoni, na tangu mabomba yafunguliwe saa kumi na mbili hakuna aliyeligusa. Bibi Gana ndiye aliyelijaza. Alilijaza, akaliweka pale, akaketi kwenye kiti chake kando ya mlango. Zdravka, mke wa mwanawe, alipita mara tatu, na mara zote tatu alijifanya halioni.

Mara ya nne akasimama. "Mama, hili birika nalirudisha jikoni."

"Lirudishe wewe. Mimi sikulitoa ili lirudi."

"Sheria unaijua."

"Naijua sana. Imebandikwa hadi kwenye mlango wa kanisa. Na aliyeiandika namjua pia, anakula mezani kwangu."

Zdravka alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kukosa usingizi tu. Tangu Juni, bwawa lilipoanza kuonyesha matope yake, halmashauri ya Kremenovo ilimpa daftari la faini na kumtuma mitaani. Miezi mitatu mizima alikuwa akigonga milango ya watu anaowafahamu tangu utoto, akiwaambia wasioshe mazulia, wasioshe magari, wasinyweshe bustani. Wengine walimfungia mlango usoni. Mwuza mikate, waliyesoma naye darasa moja, siku hizi alimhudumia kimya na kumwekea chenji mezani badala ya mkononi. Jioni alirudi na miguu iliyovimba, akainawa kwa kikombe kimoja cha maji, kisha maji hayo hayo akamwagia mche wa nyanya. Sheria aliifuata hata pale asipoonwa na mtu. Hilo tu ndilo lililokuwa limembakia la kujivunia.

Kifungu cha sita alikiandika yeye mwenyewe. Ni marufuku kumwaga maji mlangoni, uani au mtaani. Siku ya kukipitisha, diwani mmoja mzee alikuna kidevu akauliza, "Na mtu akisafiri je? Tusimmwagie?" Wenzake wakacheka; Kremenovo nzima humwagia msafiri maji mlangoni ayakanyage, safari yake iende laini kama maji. Zdravka hakucheka. "Tukiliachia hilo," alisema, "kesho mji mzima utakuwa safarini." Akachukua kalamu, akaongeza mwishoni: kwa sababu yoyote ile. Alijiona mjanja kweli siku ile.

Kisha ikaja asubuhi ya Tsonka, jirani wa nyumba ya pili. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu asubuhi hiyo. Binti yake Ralitsa alikuwa anakwenda Plovdiv kuomba kazi ya ualimu, amevaa blauzi ya kuazima, na mama yake amesimama getini na jagi mkononi. Zdravka alitokea kwenye kona akawahi kulidaka jagi kabla hata tone halijadondoka. Akaandika faini ya leva hamsini kwa kujaribu. Msichana akapanda basi huku lami chini ya viatu vyake ni kavu. Tsonka hakutukana. Alimtazama tu, akasema, "Na wewe una watu wa kusindikiza, Zdravka."

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Encho, mume wake, alikuwa anakwenda Sofia kupasuliwa moyo. Daktari alikuwa amewaeleza kwa upole, kwa michoro, na wote wawili waliitikia kwa vichwa kama walioelewa. Walichoelewa ni kwamba anaweza asirudi.

Bibi Gana alimmwagia mwanawe maji siku ya kwanza ya shule. Alimmwagia alipokwenda jeshini, na siku ya harusi, na kila alipobadilisha kazi. Encho alikuwa akimtania: "Mama, mimi nyanya? Mbona unanimwagilia?" Halafu anayakanyaga kwa mguu wa kulia, huku akicheka.

Zdravka aliinama, akalishika birika kwa mikono miwili. Upande wa pili wa barabara watu wawili walikuwa wameegemea ua wao. Walikuwa wakingoja kuona. Akimwaga, daftari lake halitakuwa na maana tena kwa yeyote, na bwawa limebakiza maji ya wiki tano. Asipomwaga... Hapo mawazo yake hayakutaka kwenda. Alibeba birika jikoni, akaliweka sakafuni karibu na ndoo nyingine, akalifunika na sahani. Aliogopa, aliona haya kwa kuogopa, na zaidi ya yote alitamani mtu mwingine aamue badala yake.

Aliporudi, Encho alikuwa amefika mlangoni na begi lake dogo. Barabarani gari la kaka yake lilikuwa linanguruma. Encho alitazama ngazi. Alitazama mawe ya njia hadi getini, makavu, yenye vumbi. Kisha akamtazama mkewe.

"Haya," alisema. "Basi niende."

Lakini hakwenda. Mguu wa kulia aliuinua kidogo, akaurudisha chini. Mtu aliyekejeli jambo hili kwa miaka hamsini alikuwa amesimama pale akilingoja, na ameshindwa kuliomba.

"Encho," alisema Zdravka. "Mimi..."

"Najua, mke wangu. Usijali."

Kiti cha Bibi Gana kililia kwa uzito wake alipogeuka. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

Ndipo geti likasukumwa. Tsonka aliingia na gauni la nyumbani na kandambili, amebeba ndoo ya plastiki ya bluu yenye maji ya gari la boza ambayo jana alikuwa ameyapangia foleni saa mbili nzima. Hakusalimia. Alifika chini ya ngazi, akaiinamisha ndoo, akamwaga taratibu akirudi kinyumenyume, kuanzia mlangoni hadi getini, mstari mrefu usiokatika. Mawe yakageuka meusi.

"Yaende kama maji, Encho," alisema.

Encho alishuka. Alikanyaga kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaenda hivyo hivyo hadi kwenye gari bila kutoka nje ya mstari. Hakucheka. Alipofungua mlango wa gari alimpungia mama yake mkono, akamtazama Zdravka kwa muda mrefu, na gari likaondoka.

Tsonka aliweka ndoo chini. "Haya, andika. Kifungu cha sita. Safari hii hata tone sijabakiza."

Kule ng'ambo wale wawili walikuwa bado wapo. Zdravka alitoa daftari mfukoni kwa mazoea tu. Alilifungua, akatafuta ukurasa mtupu. Kalamu ilifika kwenye karatasi ikasimama.

"Ralitsa," aliuliza, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Ile kazi aliipata?"

Tsonka aliinua ndoo, akaipindua juu ya mawe, akaikung'uta.

"Alikosa," alisema. Akaenda zake, kandambili zikimpigapiga visigino.

Ndani ya nyumba mabomba yalikohoa mara mbili, yakanyamaza. Ilikuwa saa mbili, mgao wa asubuhi umekwisha. Zdravka alitakiwa kuwa ofisini sasa hivi, na barabara ya Sofia ilikuwa ndefu, Encho hajafika hata kwenye daraja la kutokea mjini. Jua lilikuwa limevuka paa la kanisa na lilikuwa likishuka njiani. Kingo za mstari wa maji zilikuwa zimeanza kukauka na kupauka. Bibi Gana aliuona pia. Alinyanyuka, akakivuta kiti chake mbele, akaketi pale ambapo mgongo wake ulikinga jua.

Zdravka alishuka ngazi na daftari likiwa wazi mkononi. Akasimama getini, jua nyuma yake, kivuli chake kikaanguka juu ya mawe yaliyolowa, naye akatulia pale bila kusogea.