Asifyonze Kitu

Kijiko kiligonga bakuli jikoni, taratibu, kama cha mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Kulikuwa bado giza. Nikajua Torsten anakula uji wake.

Kwa miaka miwili mume wangu alikuwa akiamka kabla yangu, anakula amesimama kando ya sinki, anaosha bakuli, kisha anarudi kitandani akijifanya hajatoka. Meno yake ya bandia ya juu yalikuwa hayakai. Akitafuna yanashuka, akicheka yanashuka, na siku moja yalishuka mbele ya mjukuu wetu Tyra yakaangukia kwenye viazi. Mtoto hakucheka. Aliyaokota, akayafuta kwa kitambaa chake, akampa babu yake chini ya meza. Lakini tangu siku ile Torsten hakula tena na mtu, hata na mimi. Mchana nilikula peke yangu, nikitazama kiti chake.

Kwa hiyo habari ya meno niliishughulikia mimi kuliko yeye. Nilitaka mume wangu arudi mezani, basi.

Hapa Gothenburg kupandikiza meno ni jambo la kawaida. Jirani wa juu ana skurubu mdomoni, na jirani wa chini pia. Ila skurubu inataka mfupa wa kuishika. Daktari Mahin alituonyesha picha: kwa nyuma, taya la juu la Torsten lilikuwa limebaki jembamba kama ganda la yai, na juu ya ganda hilo kuna pango la hewa linaloungana na pua.

"Skurubu haishiki kwenye ganda la yai," alisema.

Angeinua ile ngozi nyororo iliyotandikwa kwenye sakafu ya pango, ajaze chini yake unga wa mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, pande zote mbili, kisha tungoje miezi mpaka mfupa wa Torsten mwenyewe uote humo. Ndipo skurubu, na baada ya skurubu, meno yasiyoanguka.

"Wa ng'ombe," Torsten aliniambia kwenye tramu. "Sasa nikipita malishoni itanibidi nisalimie."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza baada ya muda mrefu. Nilimshika mkono mpaka kituo chetu.

Alifanyiwa mwanzoni mwa Agosti. Nesi alimpaka mafuta pembeni mwa midomo isimpasuke, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kisha tukapewa masharti: asipenge kamasi, akipiga chafya aache mdomo wazi, asinywe kwa mrija, asifyonze kitu. Kufyonza kunavuta, na kile kilichowekwa kule juu kinaweza kung'oka.

Torsten alitii. Alipiga chafya kama farasi, mdomo wazi, juu ya kitambaa cha meza nilichotoka kukipiga pasi. Sikusema neno.

"Umesema kimoyomoyo," alinikemea. "Nimesikia."

Mwisho wa mwezi ule Gerd, dada yake, akapika kamba wa mtoni kama kila mwaka. Torsten alikuwa amekosa miaka miwili, akisingizia mgongo. Safari hii alisema, "Nitakwenda. Nitakula mkate na jibini, nikae tu na watu." Nilimpigia pasi shati bila kusema lolote, nisije nikaharibu.

Kamba wa mtoni haliwi kimya. Unamgeuza, unaweka midomo kwenye ganda, unafyonza ule mchuzi wa chumvi na majani ya shibiti kwa kelele, ndipo unamvunja. Usipofyonza, umemwambia mpishi kwamba mchuzi wake si kitu. Hayo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma.

Tulikaa bustanini kwa Gerd na kofia zetu za karatasi, kama ilivyo desturi ya karamu ya kamba. Wimbo ukaimbwa, bilauri ndogo za pombe kali zikanywewa, na Gerd akamwekea Torsten kamba mkubwa kwenye sahani.

"Mdogo wangu, umekuja kunihesabia kamba? Huyu mlaini, hana hata mfupa."

"Wifi, mwache," nilisema. "Ana masharti."

"Masharti ya kutafuna. Ammung'unye tu."

Torsten alimvunja mkia kwa vidole, akatoa nyama, akaila polepole. Hilo liliruhusiwa. Nikapumua. Niligeuka kumpitishia jirani mkate, na hapo nyuma yangu nikasikia mfyonzo mrefu, wa raha, wa mtu aliyeukosa miaka miwili.

Torsten alikuwa ameshika ganda la kichwa, amelisimamisha hewani. Alinitazama kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika chumba cha pili.

"Nimefyonza," alisema.

"Nimesikia."

"Kidogo."

"Torsten, hata waliokaa mwisho wa meza wamesikia."

Asubuhi yake alipokunywa maji yalimtokea puani, na kwenye leso kulikuwa na damu na punje nyeupe kama chumvi ya mawe. Tulirudi kwa Daktari Mahin siku ileile. Picha ilionyesha upande wa kulia umeshika. Wa kushoto ulikuwa umefumuka, ngozi imechanika. Ilibidi usafishwe, uachwe upone, uanzwe upya majira ya kuchipua.

Nilingoja amgombeze. Hakumgombeza. Alivuta kiti karibu.

"Kosa nusu ni langu," alisema. "Tunawatajia watu mrija. Mwezi wa Agosti, mji huu, nani anakunywa kwa mrija? Ningetaja kamba. Mama yangu alitoka Shiraz, na anawafyonza kwa kelele kuliko ninyi."

Torsten hakucheka. Nyumbani alivua koti akasema, "Basi. Sitaki tena. Uji unanitosha."

Mimi si mtu wa hasira. Nimelea wanangu na wa wenzangu bila kupiga meza. Siku ile niligonga sufuria kwenye jiko mpaka kifuniko kikaruka.

"Mfupa utangoja," nilimwambia. "Mimi ndiye siwezi kungoja. Mimi ni bibi kizee, Torsten, na ninakula na kiti."

Alichukua bakuli lake akaenda kula kwenye banda la baiskeli. Akaendelea kula huko siku zilizofuata.

Alhamisi Gerd alitokea mlangoni bila kupiga simu, amebeba chungu cha supu ya njegere za njano. Alikuwa ameichuja isiwe na hata ganda moja.

"Yuko wapi mharibifu?"

"Bandani. Anakula."

"Peke yake, kama paka?"

Alitoka, akarudi naye amemshika mkono wa sweta. Nikapakua, na haradali pembeni. Torsten alikaa lakini hakuinua kijiko. Supu ilianza kuganda juu. Gerd akashusha pumzi, akageuka pembeni kidogo, akatoa meno yake, ya juu na ya chini, akayaweka kwenye kisahani.

"Yananiharibia ladha ya haradali," alisema. Midomo yake ilikuwa imeingia ndani.

Torsten alimkodolea macho. "Tangu lini?"

"Tangu nilipoposwa. Baba alinipeleka nikang'olewa yote, nisije nikamsumbua mume kwa gharama za meno. Siku zile ndiyo ilikuwa zawadi ya harusi."

"Sikujua."

"Ulikuwa mtoto. Na baadaye hukuuliza. Kula, inapoa."

Torsten alitazama supu, akanitazama mimi. Kisha akageukia dirisha, mkono ukaenda mdomoni, na kitu kikafungwa kwenye leso. Akala. Supu ilimtiririka kidevuni, Gerd akamsogezea kitambaa bila kumtazama.

Nilikula nimeinamisha uso, nisije nikamtisha. Nilitaka kumuuliza wifi yangu kwa nini hakufanya hivi miaka miwili iliyopita. Nilitaka kumuuliza Torsten kwa nini imekuwa rahisi mbele ya dada na si mbele ya mke. Maswali yote mawili niliyameza na supu. Yalikuwa ya moto bado.

Gerd alipovaa koti, Torsten alimfuata mpaka mlangoni na soksi zake.

"Alhamisi ijayo unafanya nini?"

"Alhamisi ijayo? Sina jambo."

"Basi uje tena, dada," alisema. "Mke wangu anapenda kula na watu."