Ndoo ya Harlan

Haya ni kweli tupu. Asiyeamini aje Wiskonsini barafu inapoanza kushika, avue glavu, atie kidole kwenye mto Misisipi, kisha aniite mwongo. Kama kidole bado anacho.

Verlyn Tollefson aliingia duka la chambo la Lavonne akikung'uta theluji kwenye buti. Mzee mrefu, mkewe alishazikwa, na siku hizi nyumbani kwake saa ya ukutani iliongea kuliko yeye. Ndiyo maana aliungoja mto ugande kama mtoto anavyongoja sikukuu.

"Nichotee visamaki, Lavonne. Vya watu wawili."

Lavonne hakugusa wavu. "Wa pili nani? Barafu ya kwanza haiendwi peke yako, mzee. Wa peke yake simuuzii chambo mpaka barafu ibebe gari, na hilo unalijua."

"Niko na Harlan. Yuko garini hapo nje."

"Mbona haingii kunisalimia?"

"Nyonga, mama. Akishuka, kupanda tena ni mpaka kesho."

Duane, jirani aliyekuwa akiota moto kwenye jiko la kuni, akacheka. "Na mwaka jana mlipata kitu?"

"Kitu? Samaki wa krapi walibanana chini ya barafu hata ndoano yangu ikapanga foleni. Mmoja wa Harlan alikuwa mpana hivi! Ilibidi tumkunje kama gazeti ndipo apite kwenye shimo."

"Muongo mkubwa we!"

"Kuongopa samaki ruksa," Lavonne alisema, sasa akichota. "Anayeongopa barafu ndiye anayelipa. Na bei mnaijua: anatuonyesha sote shimo lake la siri."

Verlyn alilipia chambo akatoka upesi. Pale walipovulia yeye na Harlan, juu ya mti uliozama kwenye maji yaliyotulia nyuma ya kisiwa, hawakuwahi kumwonyesha mtu, hata wake zao. Ukitoboa hatua chache pembeni hupati hata mkia. Na Harlan hakuwa garini. Tangu majani yalipopukutika alikuwa Arizona kwa binti yake, huko ambako barafu huwekwa kwenye glasi.

Mtoni, Verlyn alitanguliza mtaimbo, akigonga kabla ya kila hatua. Barafu nzima hujibu. Mbovu hunyamaza na kutoa maji. Akatoboa mashimo mawili kwa keekee, akafudikiza ndoo mbili ziwe viti, zitazamane kama miaka yote. Kamba ya pili nayo akaitega, maana shimo la mwenzio huliachi bila ndoano.

"Leo kuna baridi," aliiambia ndoo.

Ndoo ikakaa kimya, jambo lililomshinda Harlan maisha yake yote.

Jua lilipoegemea vilima vya ng'ambo, barafu iliguna kutoka ukingo hadi ukingo. Hiyo ndiyo saa ya krapi kuamka. Boya la Harlan likazama. Verlyn akapiga magoti, akavuta polepole, kwa kuwa krapi ana mdomo mwembamba kama karatasi. Ukiwa na pupa unabaki na ndoano tupu. Akamtoa, mpana kama sahani, madoa meusi ubavuni. Akainua uso aseme, "Umemwona huyo?"

Hakukuwa na wa kumwona. Akamlaza kwenye theluji upande wa Harlan, akakaa akimtazama mpaka samaki akakakamaa kwa baridi.

"Verlyn!"

Lavonne alikuwa amesimama ukingoni, kavaa koti la marehemu mumewe. "Harlan yuko wapi?"

"Kaenda kukojoa!"

"Theluji imeanguka usiku kucha, na kutoka kwenye gari lako naona nyayo za mtu mmoja."

Verlyn alifikiri. "Nilimbeba."

"Mtu mzito kama jokofu? Kwenye barafu ya kwanza?"

"Barafu ya mwaka huu nzuri ajabu."

Lavonne hakucheka. "Amenipigia simu dukani ulipoondoka. Anauliza kama mto umeganda, na kama umepata mtu wa kwenda naye."

Verlyn aliitazama ile ndoo.

"Ungezama," Lavonne alisema, "nami ningekuwa dukani nikijiambia mko wawili. Haya, lipa."

Verlyn akachukua mtaimbo, akarudi juu ya nyayo zake kumfuata Lavonne ukingoni. "Kanyaga ninapokanyaga, mama." Walipofika akanyoosha kidole chini. "Matawi yanaanzia hapa. Shina limeelekea kule kwenye matete. Wanalala katikati." Kila neno lilimtoka kama jino.

Lavonne aliitikia kwa kichwa, akakaa juu ya ndoo ya Harlan.

"Kesho Duane na wenzake watapatoboa hapa kama chujio," Verlyn alisema.

"Ndiyo bei yenyewe."

Alikaa vibaya, uso kwenye upepo. Harlan asingekaa hivyo hata kwa dawa. Verlyn akafungua kinywa amrekebishe, akakifunga. Boya la upande ule likatikisika.

"Taratibu," alisema. "Mdomo wake karatasi."

"Nauza ndoano tangu hujaota mvi, mzee. Niache."

Verlyn akamwacha. Baada ya kitambo akalisukuma kopo la visamaki juu ya barafu, mpaka mahali ambapo mkono wa Lavonne ungelifikia.