Msaragambo wa Kinanda

Mama Eliwaza wa Vudee alifundisha watu kuimba opera, yaani ule mchezo wa Kizungu ambao mtu akichomwa kisu haanguki mpaka amalize beti tatu. Alijifunza kwa bibi mmoja wa misheni, na kinanda alichopiga kilikuwa mali ya usharika. Hapo ndipo Mzee Gideoni, mzee wa kanisa, alipomkaba.

"Kinanda cha Bwana hakiwezi kumsindikiza kijana anayelia kama beberu aliyebanwa mlangoni!"

"Shikamoo, mzee. Beberu huyo anaitwa Filemoni, na Jumamosi anashindana Same."

"Marahaba. Akishinda, kaa nacho. Akishindwa, kinarudi kanisani siku hiyohiyo."

Eliwaza akakubali kabla moyo haujapata nafasi ya kukataa. Bila kinanda, angebaki mwalimu wa kupiga makofi.

Wanaume wanne wakakiteremsha mlimani mabegani. Lakini miezi yote ya ukungu Eliwaza alikuwa amekiweka karibu na jiko kisishike unyevu, na ngozi ya mivukuto inayokipa upepo ilikuwa imekauka kama ulimi wa aliyefunga saumu. Jua la Same likamalizia kazi. Alipokanyaga pedali kujaribu, ngozi ikapasuka nyuma, upepo ukatoroka, kinanda kikaguna kama mzee anayeinuka kitini.

"Kina pumu hicho!" akapaza sauti Sharifa, muuza vitumbua. Uwanja mzima ukacheka.

"Mwalimu, niimbe bila kinanda?" Filemoni akanong'ona.

"Bila kinanda unaanza juu mno. Ukifika katikati tutakutafuta mawinguni."

Mwamuzi akaita jina la Filemoni. Eliwaza akautazama umati. Watu wa Vudee walikuwa wamejaa mbele, na mbele yao wote Mzee Gideoni, amekuja kuchukua chake. Mama wa watu akajaza kifua, akaita kwa sauti ileile aliyofundishia:

"Watu wa Vudee! Msaragambo!"

Sasa, Mpare akiitiwa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, uwe wa mfereji au wa barabara, haulizi kazi ni ya nani. Asiyekwenda husemwa mpaka kwa wajukuu zake. Miguu ya Gideoni ikatangulia, akili ikafuata baadaye imechelewa.

"Mzee, ziba hapo kwa viganja. Dorkasi, hapa. Yusto, kule chini. Kazeni!"

Wakapiga magoti nyuma ya kinanda, kanzu ya mzee vumbini. Eliwaza akakanyaga. Upepo ukakaa. Filemoni akaishika sauti yake mahali pake, akaipandisha taratibu kama mtu anayepanda mlima Shengena bila haraka, na alipofika kileleni akasimama huko mpaka Sharifa akaacha vitumbua viungue.

Mwamuzi hakushauriana na mtu. Alimtangaza Filemoni mshindi akiwa bado anapiga makofi.

"Mmeisikia pumzi yangu?" Gideoni aliwauliza watu, jasho likimtiririka. "Ile ya juu kabisa? Mimi huyo!"

Wabebaji wakainua kinanda. "Tukipeleke kanisani, mzee?"

"Kanisani kufanya nini? Kwa Mwalimu! Na mwende polepole, mmebeba mshindi."

Filemoni, aliyeimba, akafuata nyuma kwa miguu.