Jumbe Saba za Uvira

Bader, mpokezi wa foni, redio ya kupelekea jumbe, mtaani Asiatique, alijua sheria: ujumbe haukatwi mstari daftarini, kuonyesha umefika, mpaka watu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, wausome tena hewani. Siku ile milio ya bunduki ilisikika, Uvira wakanyamaza kabla jumbe hazijaisha kusomwa. Kwa uvivu tu, Bader akazikata mstari jumbe zote saba zilizokuwa zikingoja, akaenda kula.

Siku ya nne akaingia Rosette, ambaye ujumbe wake, mmoja wa zile saba, ulimkataza mamake aliyekuwa Uvira kuvuka mpaka.

"Tumemuzika jana, papa Bader. Risasi, ku barabara. Mama alikuwa mubishi! Ulimuambia asikuje, akakuja tu. Mi nakushukuru."

Akamkabidhi ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, zilizofungwa gazetini.

Na Bader, mwanamume mzima, akazipokea kwa mikono miwili.