Steringi wa Majaruba ya Bahi

Filamu ile ilifika Kongwa mwezi wa kwanza, na kufikia mwezi wa pili mjini hakubaki mtu mwenye akili timamu. Rajabu, mwenye banda la video karibu na soko, aliionyesha kila jioni, na kila jioni watu walewale walilipa kiingilio ili kutazama mambo yaleyale, kana kwamba walitumaini kuwa safari hii yule mwanamke angekataa.

Hakukataa hata mara moja. Alikuwa karani wa makumbusho, Mzungu mwenye miwani, ambaye hajawahi kutoka nje ya mji wake. Nahodha mmoja mlevi alikuja kumwibia ramani ya lulu, naye, badala ya kuita polisi, akafuatana na mwizi wake msituni. Huko waligombana, wakatumbukia mtoni, wakakimbizwa na majambazi, wakagombana tena, hatimaye wakabusiana juu ya daraja linalokatika. Mtafsiri aliyeingiza Kiswahili juu ya sauti zao alicheka kabla ya watazamaji, akamwita nahodha "steringi wetu", kama waitwavyo mashujaa wa filamu, na kila alipochoka kutafsiri alitoa mawaidha yake mwenyewe kuhusu mapenzi. Watu wa Kongwa waliyakariri mawaidha hayo kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwa Zaburi.

Penina aliipenda filamu hiyo kwa siri mwanzoni, kisha kwa uwazi. Alikuwa fundi cherehani mjini Kongwa, lakini kwao ni Bahi, binti wa kwanza wa Mzee Castory, na katika ukoo huo msichana hakwenda kununua uzi bila shangazi mmoja kuuliza ni wa rangi gani. Ndiyo maana kilichomvutia hasa hakikuwa busu. Kilichomvutia ni kwamba katika filamu nzima hapakuwa na shangazi. Yule karani alipotea msituni juma zima, wala hakuna aliyepiga simu kuuliza amekula nini. Hakuna aliyemwambia nahodha alete mshenga. Hakuna aliyemsalimia mtu yeyote. Penina alitoka bandani na wivu mkubwa kuliko ule ambao mwanamke huwa nao kwa mwanamke mwenzake juu ya mwanamume.

Mchumba wake, Stanley, alikuwa mchanjaji wa mifugo. Kijana mrefu, mpole, ambaye hata madume ya ng'ombe yalimwamini. Alimchumbia Penina kwa kumletea maziwa na kukaa kimya karibu na cherehani. Jioni moja, walipokuwa wakitoka bandani kwa Rajabu, Penina alisema neno ambalo baadaye angetamani kulimeza.

"Wewe, Stanley, hujawahi kunivusha hata mtaro."

"Kongwa haina mito."

"Mwenzio aliutafuta mto."

"Mwenzangu alikuwa mlevi, Penina. Tena alikuja kuiba."

"Lakini alimbeba."

Penina alipaswa kumwuliza Stanley anafikiri nini, lakini hakuuliza. Alikuwa bado anafikiria daraja. Juma lililofuata Stanley alirudi kutoka Dodoma mjini na zawadi: koti la mvua la manjano, kwa sababu karani wa makumbusho alivaa la manjano.

Mahari ilipangwa kupelekwa Bahi Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tatu. Mshenga alikuwa Mzee Nathanaeli, mzee wa kanisa, mtu aliyeweza kuomba ng'ombe wapunguzwe mpaka mwenye binti akaona haya kwa kuwa na binti. Stanley mwenyewe alitakiwa kubaki Kongwa. Kwa desturi ya kwao, mwoaji haendi kusikiliza ng'ombe wa baba yake wakijadiliwa; na zaidi ya hayo, haruhusiwi kukutana na mama wa msichana. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Stanley alilelewa katika sheria hiyohiyo. Hakuna aliyefikiri kwamba kulikuwa na haja ya kumkumbusha.

Mwaka huo mvua ilikuwa imeikumbuka Bahi. Majaruba ya mpunga yalijaa mpaka matuta yakazama, na kati ya nyumba ya Mzee Castory na ya jirani palikuwa na maji yaliyofika magotini. Watu wa hapo waliyavuka kama mtu anavyovuka ua wake. Asubuhi ile Mama Penina alikuwa amevuka kwenda kuazima sufuria kubwa la kupikia wali wa wageni, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, Penina alimvisha koti lake la manjano.

Wageni walikuwa wamekwisha kuketi barazani. Penina alikuwa chumbani pamoja na Shangazi Emilia, dada mkubwa wa baba yake, akingoja kuitwa na kuulizwa kama anawafahamu wageni hawa na kama mzigo wao wa mahari upokelewe. Kupitia dirishani alimwona mama yake akirudi, sufuria amelifunika kichwani kukinga mvua, uso hauonekani. Papo hapo bodaboda ilisimama kwenye tuta la barabara, kwa mbali, na abiria wake akashuka.

Abiria alivaa kofia pana. Penina aliitambua ile kofia kabla hajamtambua aliyeivaa, maana nahodha alikuwa na ya namna hiyo.

"Yule nani anayekimbia?" Shangazi Emilia aliuliza. "Ameumwa na nyoka?"

Alikuwa Stanley, aliyetakiwa kubaki Kongwa. Stanley aliingia majini kwa kishindo, kofia ikamtoka, akamfikia mwanamke wa koti la manjano, akampitishia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamnyanyua. Sufuria lilianguka, likaanza safari yake taratibu kuelekea majaruba ya watu wengine. Mama Penina, mwanamke mzito, mama wa watoto wengi, ambaye alikuwa akiyavuka maji hayo tangu alipoolewa bila msaada wa mtu, hakupiga kelele. Alikuwa ameduwaa. Stanley naye, ambaye alikuwa amefumba macho kwa sababu ya mvua au kwa sababu ya mapenzi, alipiga hatua kwa juhudi kubwa, akamfikisha salama katika ukingo uleule alikotoka mama, upande wa jirani.

Hapo alifumbua macho.

Barazani Mzee Nathanaeli aliweka kikombe chake chini kwa uangalifu.

"Mzee mwenzangu," Mzee Castory alisema, "mmekuja na posa au mmekuja na mafuriko?"

"Tulikuja na posa," alijibu Mzee Nathanaeli. "Huyu mwingine hatukumleta."

Stanley alikuwa amekwisha kumwachia mama, amekimbia mpaka katikati ya maji na kusimama, mgongo akiwapa wote, uso akiuelekeza upande ambao haukuwa na mtu wala nyumba. Njia ya kurudi ilipita mbele ya wazee. Njia ya kwenda ilipita mbele ya mama. Akabaki palepale, mvua ikimnyeshea.

Kesi ilianza bila mtu kuitangaza, na Shangazi Emilia alitoka chumbani kwenda kuisikiliza, kisha kuiendesha.

"Mkwe hambebi mama mkwe wake," alisema. "Hilo halipo. Anayembeba mama ni mwanawe. Basi huyu amejifanya mwana wa nyumba hii, na mwana wa nyumba hii ni kaka wa Penina. Sasa Mzee Nathanaeli, wewe mtu wa kanisa, umekuja kumwombea kaka amwoe dada yake?"

"Shemeji, ni mvua tu. Hakuona vizuri."

"Na ng'ombe anawaonaje? Mbona huwa hachanji mbuzi akidhani ni ndama?"

Mzee Nathanaeli alikichukua tena kikombe chake, akanywa.

Baada ya mabishano marefu Mzee Castory alisema kwamba mbuzi mmoja na doti ya kitenge vingeweza kumsafisha mama na mwiko huo, kama mama mwenyewe angekubali kusafishwa, na kama binti angali anamtaka mtu wa namna hii. Asipomtaka, wageni watakula wali wao, waende salama, na jambo hili lisisemwe tena. Penina akatumwa ng'ambo kumwuliza mama yake.

Alivuka kwa miguu yake. Alipompita Stanley, alisikia sauti ndogo.

"Penina, ni wewe?"

"Usigeuke. Mama yuko kwenye kibaraza cha jirani."

"Sigeuki. Nilidhani ni wewe. Koti nililinunua mwenyewe."

"Ulipomnyanyua hukuona uzito?"

"Niliuona. Nikadhani nyumbani wamekulisha vizuri."

"Na ukamrudisha alikotoka."

"Kwenye filamu huwa wanakwenda ng'ambo," alisema Stanley. "Sikuwaza ni ng'ambo ipi. Ulisema sijawahi kukuvusha."

Penina alitafuta la kumjibu. Mtafsiri wa filamu angekuwa nalo tayari, kwa kuwa mtafsiri hakuwa na mama aliyeketi kibarazani akikamua maji katika kitenge chake. Akaendelea kutembea.

Mama alimpokea bila kumtazama.

"Mwambie huyo mtu anipishe njia."

"Mama, wanasema mbuzi na kitenge."

"Nimesikia. Emilia ana sauti." Alikung'uta koti la manjano, akalikunja vizuri kuliko lilivyostahili. "Baba yako hajawahi kunibeba. Nilipokuwa na wewe tumboni nilivuka hapa na debe la maji kichwani, yeye akiwa mbele na fimbo yake tu."

"Ulitaka akubebe?"

"Nani amesema hivyo? Nasema hajawahi." Akaliweka koti mapajani. "Kubebwa si kuzuri. Huoni unakopelekwa. Lakini si mimi nitakayeolewa naye. Sema neno lako mwenyewe, mimi nitalifuata."

Penina alirudi majini. Katika filamu, alikumbuka, nahodha alikuwa anageuka kila baada ya muda mfupi: kumtazama adui, kumtazama mwanamke, kuwatazama watazamaji. Hakuwahi kuambiwa asigeuke akatii. Stanley alikuwa bado palepale. Maji yalikuwa yameingia katika viatu vyake vya Jumapili, mbu walikuwa juu ya shingo yake, wala hakuinua mkono kuwafukuza, kwa sababu mkono ukiinuka mama mkwe angeweza kudhani anaitwa. Hakuna aliyekuwa amemwamuru asimame vile. Aliona haya, na haya hiyo alikuwa akiibeba vizuri kuliko alivyombeba mtu.

Penina alifika barazani, akapiga magoti mbele ya wazee, maji yakimchuruzika.

"Binti," Mzee Castory aliuliza, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Na yule?"

Shangazi Emilia alikunja mikono. Penina alitazama sakafu, kama inavyopasa, akajua kwamba akisema ndiyo atakuwa ameolewa na mtu huyu asiyejua kuvaa kofia, katika wilaya isiyo na mito, pamoja na mashangazi wa pande zote mbili.

"Yule pia namfahamu," alisema. "Mzigo upokeeni."

Shangazi Emilia alipiga kigelegele kifupi, cha mtu anayelipa faini ya mwenzake, akaenda kutafuta sufuria lingine. Mzee Nathanaeli alikunja suruali yake, akashuka majini kupeleka habari.

"Wamekubali," alimwambia ule mgongo uliolowa.

"Ahsante, mzee." Stanley aliendelea kutazama mbele. "Je, naweza kugeuka?"

Mzee Nathanaeli alitupa jicho nyuma. Mama Penina alikuwa ameanza kuvuka, polepole, akipima kila hatua, akiwa amejifunika kitenge gubigubi.

"Bado," alisema.